Kiti cha Gavana Kikiwa Wazi, Mama Aulize Nini?

Usiku mmoja wa Julai mwaka 2017, majuma matatu hivi kabla ya uchaguzi mkuu, nilisikia hodi mlangoni pangu. Mimi ni muuguzi. Wakati huo sisi wauguzi wa hospitali za umma nchini Kenya tulikuwa katika mgomo ulioanza tarehe 5 Juni, na ambao ulikuja kumalizika tarehe 2 Novemba, karibu miezi mitano baadaye. Zahanati ya kwetu ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Aliyebisha hodi alikuwa jirani yangu, mama wa makamo, na nyuma yake, juu ya bodaboda, alikuwa mkaza mwanawe aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi.

"Sista, tusaidie," akasema. "Tumefika zahanati, hakuna mtu. Hospitali ya misheni ni mbali, na pesa hatuna."

Nilimtazama yule msichana nikaona kwamba hata kama gari lingepatikana dakika ile, angejifungulia njiani. Nilimwingiza ndani. Nilikuwa na mikono yangu na maji ya moto, basi. Sikuwa na glavu, sikuwa na sindano ya kuzuia damu, sikuwa na kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua. Mtoto alizaliwa alfajiri akiwa amechoka sana, na hakulia. Nilimpulizia pumzi kwa kinywa changu mwenyewe, bado hakulia. Mama yake alianza kuvuja damu. Mwalimu mmoja alitutolea gari lake, tukamkimbiza hospitali ya misheni, na kwa rehema za Mungu akapona. Mtoto tulimzika siku hiyo hiyo.

Nyanya yake alimfunika kwa leso mpya. Leso ile ilikuwa na picha ya mgombea ugavana. Na mimi nilikuwa na leso kama ile ndani ya kabati langu, maana nilikuwa nimeipokea sokoni juma lililotangulia, pamoja na kilo ya sukari, nikapiga vigelegele kama wenzangu.

Sisemi kwamba mtu yule wa kwenye leso ndiye aliyesababisha msiba ule. Wala mimi niliyekuwa mgomoni siwezi kunawa mikono kama Pilato. Nimeliomba jambo hilo mbele za Mungu kwa miaka mingi. Lakini tangu siku ile nimejua kwamba kura ya gavana na chumba cha kujifungulia ni vitu viwili vilivyo karibu sana, na kwamba mimi, mfanyakazi wa afya na mama Mkristo, nilikuwa nimeipima kura yangu kwa bei ya leso.

Dada msomaji, naliandika jambo hili kwa sababu tarehe 10 Agosti 2027 Wakenya watapiga kura tena, na katika kaunti nyingi kiti cha gavana kitakuwa wazi. Gavana aliyeko hataruhusiwa kugombea. Huo ni wakati wa pekee, wenye hatari zake na nafasi zake, na sisi akina mama tunapaswa kujiandaa mapema.

Kwa nini kiti kiwe wazi

Katiba yetu iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, na kila kaunti ikapewa gavana anayechaguliwa na wananchi wenyewe. Magavana wa kwanza walichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Lakini waandishi wa Katiba waliweka mpaka. Kifungu cha 180 kinasema kwamba mtu hawezi kuwa gavana wa kaunti kwa zaidi ya vipindi viwili.

Basi waliochaguliwa mwaka 2017 na kurudishwa mwaka 2022 wanamaliza muda wao. Ndivyo ilivyo Kisumu, Vihiga, Nandi, Kajiado, Kirinyaga, Tharaka Nithi, Marsabit na Tana River. Tena wako waliotumikia tangu 2013, wakashindwa 2017, wakarudi 2022, kama ilivyotokea Baringo, Laikipia, Lamu na Pokot Magharibi. Hao nao vipindi vyao viwili vimetimia. Ukijumlisha, utaona ni kaunti zaidi ya kumi.

Gavana aliyeko anapogombea tena, kazi ya mpiga kura huwa nyepesi kidogo. Unaitazama barabara, unaitazama zahanati, unaitazama bomba la maji, unasema, "Huyu nimemjaribu," au, "Huyu amenichosha." Kiti kikiwa wazi, kipimo hicho hakipo. Kila mmoja anakuja na ahadi. Huyu anasema yeye ni mpya, hana doa. Yule alikuwa naibu wa gavana, anasema mazuri yote yalikuwa yake na mabaya yote yalikuwa ya mkubwa wake. Na mara nyingi gavana anayeondoka anakuwa na mtu wake anayetaka kumwachia kiti.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama wengi hawalijui. Rais hawezi kushinda bila kupata zaidi ya nusu ya kura zote, la sivyo uchaguzi hurudiwa. Gavana si hivyo. Gavana anashinda kwa kupata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake, hata kama hazikufika nusu. Wagombea wakiwa wanane au tisa, kama inavyotokea kiti kikiwa wazi, mtu anaweza kuingia ofisini kwa theluthi moja tu ya kura. Kwa hiyo usiseme, "Kura yangu moja itafanya nini?" Kura za akina mama wa parokia moja au ushirika mmoja zaweza kuwa ndizo zilizoamua.

Gavana anaingiaje nyumbani kwako

Wengi wetu tunafikiri siasa ni mambo ya Nairobi. Lakini Katiba, katika Jedwali lake la Nne, iliweka mikononi mwa kaunti mambo yanayotugusa tangu tunapoamka. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni kazi ya kaunti. Ambulensi ni kazi ya kaunti. Vivyo hivyo maji, masoko, takataka, barabara za vijijini, kilimo, vyuo vya ufundi vya vijijini, na shule za chekechea ambako mtoto wako anajifunza kushika kalamu.

Mwezi Juni 2013 serikali kuu iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na akina mama tulishukuru. Baadaye ilikuja bima, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF. Hayo ni ya serikali kuu. Lakini mama anapofika mlangoni saa nane za usiku, muuguzi anayemfungulia ameajiriwa na kaunti. Glavu anazovaa zimenunuliwa na kaunti. Taa inayowaka, kama inawaka, inalipiwa kutoka kaunti. Ndugu zangu, kujifungua bure bila glavu na bila muuguzi si msaada mkubwa.

Tumeona pia kwamba gavana akitaka, anaweza. Kaunti ya Makueni, chini ya gavana wake wa kwanza Kivutha Kibwana, ilianzisha mwaka 2016 mpango ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kudaiwa zaidi. Sheria ya nchi ilikuwa ile ile kwa kaunti zote 47. Kilichotofautiana ni moyo na mpango.

Miezi ya katikati

Kama muuguzi, nataka niwaambie jambo ambalo halitajwi jukwaani. Kiti kinapobadilisha mkono, hospitali hutikisika. Gavana anayeondoka hana tena hofu ya kunyimwa kura. Wafanyabiashara wanaoleta dawa na chakula cha wagonjwa wanaogopa kwamba mpya hatawalipa madeni ya zamani, basi wanapunguza mzigo. Gavana mpya akiingia, anasema madeni yakaguliwe kwanza. Wauguzi wa mkataba hawajui kama mkataba utaendelea. Na mimba haingoji ukaguzi.

Mwaka 2019 ilitungwa sheria ya kusimamia gavana mpya anavyoingia ofisini, ili makabidhiano yawe na utaratibu. Hilo ni jema. Lakini sheria haiwezi kujaza rafu za dawa. Kwa hiyo mgombea wa kiti kilicho wazi anapaswa kuulizwa, si tu atakalofanya katika miaka mitano, bali atakalofanya katika siku mia za kwanza ili zahanati isifungwe.

Maswali ya kumwuliza mgombea

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani tumekaa tukaandika maswali. Hatukutaka maswali ya kumkomoa mtu. Tulitaka maswali ambayo mama yeyote, aliyesoma na asiyesoma, anaweza kuyauliza akiwa amesimama sokoni na kikapu mkononi. Nawapa baadhi yake, pamoja na sababu zake.

Swali la kwanza: "Usiku, nani atafungua zahanati yetu?" Uchungu hupenda giza. Zahanati yenye muuguzi mmoja hufungwa jioni, kwa sababu muuguzi naye ni mtu, lazima alale. Mgombea akisema, "Nitajenga hospitali kubwa," mwulize wauguzi wa kuijaza watatoka wapi na watalipwa na nini. Tumeona majengo mazuri yenye popo ndani.

Swali la pili: "Dawa ya kuzuia damu itakaa wapi?" Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama. Sindano ya oksitosini huzuia, lakini inataka ubaridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika siku tatu na friji haina njia nyingine ya kuendelea, dawa huharibika, na kwa macho inaonekana nzima. Muuguzi anadunga akidhani ametibu. Mgombea anayeweza kulijibu swali hili, au anayesema kwa unyenyekevu, "Mama, nitakwenda kuuliza," huyo amekusikiliza.

Swali la tatu: "Ambulensi ina petroli na dereva?" Usiulize idadi ya ambulensi. Idadi huonekana vizuri kwenye picha. Uliza nani anajaza tangi na nani analala karibu na simu.

Swali la nne: "Pesa tunazolipa hospitalini zinabaki hapo?" Mwaka 2023 ilipitishwa sheria inayoruhusu hospitali na vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia kwa mahitaji yao. Mwulize mgombea kama ataiheshimu, na kama kamati ya zahanati itakuwa na akina mama wanaoonyeshwa hesabu.

Swali la tano: "Wahudumu wa afya wa vijijini watalipwa?" Hawa ni wale dada na kaka wanaopita nyumba hadi nyumba wakipima watoto na kuwahimiza wajawazito waende kliniki. Posho yao hugawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Kaunti isipotoa fungu lake, mtu hutembea na njaa, na mwishowe huacha.

Swali la sita, ambalo wengi hulisahau: "Naibu wako ni nani, nasi tumwone?" Gavana na naibu wake huchaguliwa pamoja kwa kura moja. Bomet ilimpoteza gavana wake Joyce Laboso Julai 2019, na naibu wake akashika usukani. Kiambu, gavana aliondolewa Januari 2020, naibu akaingia. Meru vivyo hivyo mwaka 2025. Usiolewe na mtu bila kuwajua ndugu zake, na usimchague gavana bila kumjua naibu.

Na liko swali la saba la kumpima mtu kama anajua kazi anayoiomba. Mgombea ugavana akikuahidi kwamba ataondoa karo ya shule ya upili au ataongeza polisi, mwulize kwa heshima, "Mheshimiwa, hiyo si kazi ya serikali kuu?" Shule za msingi na za upili ni za serikali kuu, na polisi pia. Mtu anayeahidi kisicho chake, ama hajui, ama anajua na anakudanganya.

Mwanamke je, tumchague kwa kuwa ni mwanamke?

Swali hili huja kila tukikutana. Mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kuwa gavana. Mwaka 2017 walichaguliwa watatu: Joyce Laboso Bomet, Charity Ngilu Kitui, na Anne Waiguru Kirinyaga. Mwaka 2022 wakawa saba kati ya 47. Ni mwendo wa konokono, lakini ni mwendo.

Mimi nasema hivi. Usimkatae mgombea kwa sababu ni mwanamke, wala kwa kuwa ameolewa nje, ameachika au ni mjane, maana maneno hayo hatuwaulizi wanaume. Na usimchague kwa sababu hiyo peke yake. Mwulize maswali yale yale saba. Nimefanya kazi na madaktari wanawake wenye huruma na wengine wenye ukali wa pilipili, na wanaume vivyo hivyo.

Leso, sukari na unga

Sasa nizungumze nanyi kama mwenye dhambi anavyozungumza na wenzake. Tunazipokea. Tunasema, "Pesa zao ni zetu, tule, kura tutapiga tunavyotaka." Nami nilisema hivyo. Lakini sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inamhesabu kuwa na hatia yule anayetoa hongo na yule anayeipokea. Na Neno la Mungu katika Kutoka 23 linaonya kwamba rushwa huwapofusha hata wenye macho. Niliipokea leso, na kweli sikuona. Sikumwuliza mgombea hata neno moja kuhusu mgomo uliokuwa umefunga mlango wangu wa kazi.

Tena piga hesabu kama mama anayepanga bajeti ya nyumba. Leso na kilo ya sukari, hata ukizithamini vizuri, gawanya kwa miaka mitano. Ni senti chache kwa siku. Kwa senti hizo umeuza haki ya kuuliza, maana aliyekula cha mtu huona haya kumkabili.

Najua njaa ni njaa. Sitamhukumu mama mwenye watoto watano ambaye unga umemwishia. Lakini kanisa linaweza kusaidia hapa. Katika kikundi chetu tuliamua kwamba katika miezi ya kampeni tutaongeza mfuko wetu wa chakula kwa wajane na wenye shida, ili asiwepo dada anayelazimika kusimama juani akingoja pakiti ya mtu. Kila mmoja analeta kikombe kimoja cha mahindi au maharagwe kila Alhamisi. Si kazi kubwa. Jaribuni nanyi.

"Mume wangu ameshaamua"

Dada mmoja wa kikundi chetu aliniambia baada ya mkutano, akinong'ona, "Dada, Baba Watoto amesema nyumba yetu yote ni ya fulani, kwa kuwa ni wa ukoo wetu. Nikimpinga, nyumba itawaka moto. Nifanye nini?"

Nilimjibu kwamba asianze kwa kupinga, aanze kwa kuuliza. Mume mwema hakasiriki akiulizwa na mkewe jambo linalohusu watoto wao. Mngojee ale, ashibe, apumzike. Kisha mwambie, "Baba, huyu mtu wetu, umesikia anasema nini juu ya zahanati yetu? Wakumbuka usiku ule tulipomtafutia mtoto dawa?" Wanaume nao walikuwa kwenye bodaboda usiku ule. Nao wanakumbuka. Mara nyingi hakuna aliyewauliza.

Yule dada alifanya hivyo. Alirudi juma lililofuata akasema mumewe alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwulize mwenyewe akija." Siku mgombea alipokuja kijijini, baba yule ndiye aliyeinua mkono akauliza habari za ambulensi.

Lakini ikiwa mumeo hasikii, jua kwamba kura ni siri. Katiba inataka uchaguzi uwe wa kura ya siri. Utasimama peke yako nyuma ya kile kibanda, na Mungu peke yake anakuona. Kumheshimu mume si kumpa dhamiri yako aibebe. Usiende kwa hasira, usirudi kwa majigambo. Piga kura yako, rudi nyumbani, pika chakula cha jioni, na amani ya nyumba ibaki.

Na kwa wachungaji wetu, kwa heshima, nina ombi. Madhabahu isiwe jukwaa. Mgombea akija ibadani, akae kama waumini wengine, atoe sadaka yake kimya. Akitaka kusema na akina mama, akutane nasi baada ya ibada, nje, chini ya mti, nasi tuwe na maswali yetu. Na mgombea wa upande mwingine akija Jumapili ijayo, apewe mti ule ule.

Mama wa mfalme Lemueli

Mithali 31 tunaipenda sana. Huisomwa kwenye arusi na kwenye mazishi ya akina mama, na karibu kila mara huanzwa kwenye mstari wa 10, habari za mke mwema anayeamka kabla ya mapambazuko. Rudi nyuma usome mistari 9 ya kwanza. Ni maneno ya mama akimfundisha mwanawe aliye mfalme. Anamwonya juu ya anasa na ulevi, asije akalewa akaisahau sheria na kuwanyima haki wanaoteseka. Kisha anamwagiza afungue kinywa chake kwa ajili ya wasioweza kujisemea, na awatetee maskini na wahitaji.

Mama yule hakungoja mwanawe aharibike kisha alalamike kisimani. Alisema naye mapema. Alimwambia kazi ya mtawala ni nini. Mtoto aliyezaliwa nyumbani kwangu asilie, na mama yake aliyekuwa amelala sakafuni, hao ndio wasioweza kujisemea. Mke mwema wa mstari wa 10 na mama mshauri wa mstari wa 1 wako katika sura moja. Hatuwezi kumwiga mmoja tukamwacha mwingine.

Tufanye nini sasa

Kwanza, hakikisha umejiandikisha kupiga kura. Unahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti. Kama umeolewa ukahamia kaunti nyingine, omba kituo chako cha kura kihamishwe mapema, maana usajili husimamishwa kabla ya uchaguzi. Waangalie pia binti zako na wana wako waliofika miaka 18.

Pili, yaandike maswali saba kwenye daftari la kikundi chenu. Mgombea akija, aulizwe, na jibu lake liandikwe pamoja na tarehe. Baada ya uchaguzi daftari hilo lisitupwe. Kila mwaka kaunti hutayarisha makadirio ya bajeti, ambayo hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Nendeni na daftari lenu. Wawili watatu wakienda kwa niaba ya wengine, inatosha.

Tatu, siku ya kura uende mapema. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Wajawazito na wenye watoto wachanga hupewa nafasi ya mbele kwenye foleni, kwa hiyo usibaki nyumbani kwa sababu ya mtoto. Utapewa karatasi sita. Usiharakishe ile ya gavana.

Nne, ombeni kwa majina ya wagombea wote, si wa kwenu peke yake. Ni vigumu kumtukana mtu uliyemwombea asubuhi.

Yule mkaza mwana wa jirani yangu alipata mtoto mwingine baadaye, msichana, katika zahanati ile ile iliyokuwa na kufuli. Nilikuwa zamu usiku huo. Glavu zilikuwepo, sindano ilikuwepo, na mtoto alilia mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Ni msichana mkubwa sasa, anaimba kwaya ya Shule ya Jumapili.

Ile leso ninayo bado. Sikuitupa wala sikuivaa. Imekunjwa chini kabisa ya kabati, na kila uchaguzi ukikaribia naitoa, naitazama, kisha nachukua daftari la maswali.